Njano Kidogo

Nilipaswa kukataa. Chef Mwamba, mkuu wa idara yetu, alikuja mezani kwangu asubuhi moja, akaegemea mgongo wa kiti changu, akanyoosha kidole kwenye skrini kubwa ya ukutani, akaniomba nipunguze rangi nyekundu. Hakutaka niiondoe yote. Alitaka kila kosa linaloweza kujirekebisha lenyewe ndani ya saa moja lionekane kwa njano. Wageni kutoka makao makuu walikuwa njiani, na ofisi yetu ilikuwa na ukuta wa kioo upande wa korido, mahali ambapo kila mgeni alipitishwa.

"Papa Ferdi," akasema, "ile rouge inatuletea haya. Patron, ule mukubwa, atapita pale, ataona ukuta inawaka sawa abattoir ya ng'ombe, damu tupu. Atauliza, hawa bantu banalipwa juu ya nini?"

"Kazi yetu njo kuona rouge, chef."

"Kuona, ndiyo. Kuonyesha bageni, hapana. Weye, muntu akikufa kwenu, unapigia ndugu yako simu unamwambia 'amekufa'? Hapana! Unasema 'iko malade kidogo, kuya.' Heshima njo ile. Na machine tuifundishe heshima."

Ofisi nzima ikacheka. Nami nilicheka, kwa sababu ni kweli. Huku kwetu Likasi ndivyo msiba unavyotangazwa. Hakuna anayempiga mwenzake kwa habari ya kifo kupitia waya. Unamwita kwa neno dogo, "anaumwa kidogo, njoo", afike, akae, apewe maji, ndipo mtu mzima amwambie. Kisha nikageukia mashine yangu, nikabadilisha rangi.

Ninyi vijana mnaokaa leo mbele ya skrini hizo, huenda hamkupata mtu wa kuwaeleza kazi yenyewe. Kampuni niliyoitumikia, jina nitaliacha, inachimba na kusafisha shaba. Kampuni ya namna hiyo haiendeshwi tena kwa makaratasi. Boli za kinu, mipira ya chuma inayosaga mawe, zikipungua ghalani, programu ndiyo inayoona. Inaandika ombi la kununua, inalituma kwa muuzaji, inamjulisha mhasibu. Mishahara, malori, dawa za hospitali ya kampuni, vyote vinapita humo. Tuliiita tu "système". Kazi yangu ilikuwa kuiangalia système kabla haijaugua: inajibu upesi au inajikokota, ujumbe unapita au umekwama, diski ina nafasi au imejaa. Nilikuwa na diploma ya sekondari niliyoipata upande wa Mulungwishi, basi. Mengine nilifundishwa na Mama Ngoie.

Mama Ngoie alikuwa mwanamke mfupi wa Kambove, aliyeanzia ghalani akihesabu mabomba kabla ya kupewa chumba chetu. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimekaa wima kando ya simu.

"Unangoja nini?"

"Nangoja bantu bapige, mama, baseme nini imeharibika."

"Basi weye si mulinzi. Weye ni fundi ya masanduku ya maiti. Yeye njo anangojaka kuitwa."

Akaisogeza simu mbali nami. Kwa majuma ya kwanza alinikataza kabisa kutafuta makosa. Nijifunze uzima kwanza. Nikajifunza kwamba Jumatatu asubuhi système huwa nzito kwa sababu wasimamizi wote wanaifungua pamoja, na hilo si ugonjwa. Nikajifunza kwamba mvua kubwa ikinyesha, njia ya kwenda Lubumbashi hukatika na kurudi. Nikajifunza kwamba umeme ukikatika na jenereta ikashika, mashine huamka kwa fujo: programu inaamka kabla ya hazina yake ya data, inasimama pale na taa ya kijani kama mtu aliyekwisha kuvaa suti lakini bado amelala. Ukiamini taa hiyo, umekwisha.

Alinifundisha pia kuogopa kimya. Asubuhi moja sehemu ya manunuzi haikuwa na kosa hata moja. Nilijipongeza kwa sauti. Mama Ngoie akauliza, "Na maombi yenyewe yako wapi?" Nikatazama. Hapakuwa na ombi lolote lililoingia tangu kufunguliwa kwa ofisi. Mlango wa kuingilia maombi ulikuwa umekufa, na kitu kilichokufa hakilalamiki. Mkikumbuka moja tu katika maneno yangu ya kazi, kumbukeni hilo: hesabuni vinavyopita vizuri, msihesabu makosa peke yake.

Yeye ndiye aliyebuni fagio. Kila asubuhi, kabla watu hawajaingia, tuliagiza fagio moja kupitia système, kama vile mfanyakazi wa kweli angefanya. Tulilifuata ombi hilo hatua kwa hatua: ghala, kibali, muuzaji, jibu la muuzaji. Muuzaji alikuwa jirani yangu wa mtaa wa Kikula, Papa Amisi, mtu wa asili ya Maniema, mwenye duka la ndoo, sabuni na mafagio. Jibu lake likirudi, tulijua njia ni nzima mpaka nje ya ukuta, kisha tunalifuta ombi. Siku jibu lisiporudi, tulikuwa tunatafuta ugonjwa wakati wakubwa bado wanakunywa chai nyumbani kwao.

Nilipozoea nikajiona mjanja. Niliandika programu ndogo inayoagiza fagio yenyewe, bila mkono wangu. Iliagiza vizuri sana. Hatua ya kufuta nilisahau. Papa Amisi ni mtu mwaminifu. Akiagizwa kitu, analeta. Mafagio yakaanza kufika langoni, mlinzi anapitisha, ghala linapokea, mpaka mkuu wa ghala akaja mlangoni kwetu na fagio begani kama bunduki.

"Papa Ferdi, tunapigana na nani? Vumbi ya Likasi yote, ao?"

Tangu siku hiyo nilikuwa Papa Balai, yaani Baba Fagio kwa Kifaransa. Hata watoto wa chekechea ya kampuni walinijua kwa jina hilo. Nilidhani Mama Ngoie atanifukuza, lakini alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. "Fagio inafika," akasema, "basi njia iko muzima."

Alipostaafu na kurudi Kambove, Chef Mwamba akawekwa juu yetu. Alikuwa mtu wa chuo, mwenye bidii, na sitamfanya shetani hapa. Alichoka tu kutaniwa na wenzake kwamba anaongoza idara ya mafagio. Akaamuru jaribio letu liishie ndani ya kuta zetu, lisitoke tena kwa muuzaji. Nikatii. Tangu hapo tulijua tu kwamba ndani ni salama. Njia ya nje haikuwa tena na mtu wa kuijaribu.

Kisha ikaja habari ya njano.

Kanuni niliiandika mwenyewe. Ujumbe ukishindwa kupita, uwe njano. Saa moja ikipita bila kupona, uwe mwekundu. Nilidhani nimewaridhisha wote: chef amepata ukuta wake mzuri, na nyekundu bado ipo kwa mambo mazito. Sikuijaribu. Mama Ngoie asingeniruhusu kuiacha hivyo. Angechukua ujumbe mmoja, auvunje kwa makusudi, auache umevunjika, akae na kikombe chake atazame kama kweli utageuka mwekundu. Fanyeni hivyo, wanangu. Kengele ambayo hamjawahi kuichokoza ikalia, msiseme mna kengele.

Wageni walikuja, wakapita nyuma ya kioo, mmoja akainua kidole gumba. Walipoondoka, chef hakuniambia nirudishe nyekundu. Mimi pia sikuuliza. Na hapa nawaambia jambo ambalo si la chef hata kidogo, ni langu: nilianza kuipenda njano. Nyekundu inakuamsha kitini. Njano inakuacha umalize chai. Baada ya muda jicho langu lilikuwa linapita juu yake kama linavyopita juu ya saa iliyosimama ukutani.

Mke wangu, Marceline, ambaye kila mtu alimwita Mama Ferdi kwa jina la mwana wetu, alikuwa na maoni yake kuhusu kazi hii. "Bwana yangu analipwa kuangalia televizyo yenye haina filme," aliwaambia wenzake wa kwaya. Nikirudi jioni aliniuliza, "Système imelala?" Nami nilijibu, "Imelala." Ilikuwa salamu yetu. Alikuwa na pumu tangu usichana. Wakati wa mvua alikuwa mzima kuliko mimi. Kiangazi ndicho kilichokuwa adui yake, upepo ukiinua vumbi la barabara zetu za Kikula na la machimbo, likaingia hadi ndani ya sufuria zilizofunikwa. Alitembea na pompe yake ya kuvutia dawa kwenye mfuko wa mkoba, pamoja na kitabu cha nyimbo.

Ilikuwa kiangazi Mama Chantal aliponipigia simu. Huyu alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali ya kampuni, mwanamke asiyepoteza maneno.

"Papa Balai, oxygène yangu iko wapi? Système inaniambia commande, ombi yangu, ilishatumwa. Camion ya mitungi sioni."

Nikainua macho ukutani. Kwenye mstari wa manunuzi ya nje palikuwa na njano.

"Iko na retard kidogo, inachelewa tu, Mama Chantal. Ni ligne ya Lubumbashi. Itapita."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo tu."

"Nifanye commande ingine?"

"Système itakatala. Inajua ya kwanza ilishatoka."

"Aya. Minye nakuamini weye."

Kuufungua ujumbe ule na kusoma kilichoandikwa ndani kulihitaji kubonyeza mara moja. Kidole kilikuwa juu ya meza. Sikubonyeza. Baada ya siku kadhaa alinipigia tena, nikatazama tena ukutani, nikaona njano ileile, nikampa jibu lilelile. Sikujiuliza mbona kitu kidogo kinachukua muda huo wote. Nilikuwa nimeifundisha mashine adabu, na mashine ilikuwa imenifundisha uvivu.

Asubuhi ile upepo ulianza mapema. Nilimwacha Marceline akifagia uwanja, kitambaa kimefungwa puani, akinifokea kwamba nimesahau chakula changu cha mchana. Nilikuwa kazini, chai mbele yangu, simu yangu ya mfukoni ikalia. Alikuwa Papa Amisi.

"Papa Ferdi, uko wapi?"

"Kazini. Kuko nini?"

Nilisikia watu wakitembea nyuma yake, na mlango wa chuma ukifungwa.

"Kuya ku hospitali, ndugu. Mama Ferdi iko malade kidogo."

Nilisimama. Vijana wa ofisini wakaniuliza kuna nini. Mimi ni mtu wa hapa. Nalijua neno hilo na kazi yake. Ninachokumbuka ni kwamba kabla ya kutoka nilitazama ukutani, kwa mazoea tu, nikaona mstari wa manunuzi ya nje. Ulikuwa njano.

Papa Amisi alikuwa amempeleka Marceline kwa pickup ya duka, pompe ikiwa imeisha dawa mkononi mwake. Alifika akiwa hai. Mama Chantal alinieleza baadaye, amesimama mlangoni, mikono imening'inia kama si yake. Walimchoma sindano, wakampa dawa ya mvuke. Alihitaji oksijeni. Mtungi uliobaki ulikuwa umefungwa kwa kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati, mtoto wa dereva mmoja, na hakuna mtu mwenye moyo angeufungua pale. Walituma gari kuazima mtungi hospitali nyingine mjini. Gari lilirudi na mtungi. Marceline hakuwa tena wa kuungoja.

Aliponiambia hayo yote, Mama Chantal akaniangalia usoni. Hakupaza sauti.

"Papa Ferdi. Ulisema kidogo."

Hakuniita Balai.

Mama Ngoie alitoka Kambove kuja matangani. Alikaa nami kwenye kiti cha plastiki uwanjani, mama wa kwaya wakiimba upande wa pili, akanishika mkono. Kisha akauliza ilikuwaje, na mimi nikamweleza, kwa sababu kwake sikuwahi kuweza kuficha kitu cha kazi. Nikamweleza kuhusu oksijeni, kuhusu kanuni yangu ya saa moja, kuhusu ombi lililokwama, kuhusu simu za Mama Chantal.

"Ilikuwa rouge?"

"Njano, mama."

"Siku zile zote?"

"Njano."

Akafikiri. Niliona midomo yake ikisogea, kama zamani alipokuwa akifuata ombi hatua kwa hatua.

"Papa Ferdi. Ile saa moja yako, inaanza kuhesabu wapi?"

Nilikuwa nimekwisha kuelewa, pale pale kwenye kiti. Aliuachia mkono wangu polepole, akaanza kulia, naye hakuwa amelia tangu afike.

Baada ya mazishi nilikwenda ofisini kutazama, ingawa nilijua nitakachokikuta. Ujumbe ukishindwa, système haiuachi. Inaujaribu tena kila baada ya nusu saa. Mimi niliiamuru saa ihesabu tangu jaribio la mwisho. Nilipaswa kuiamuru ihesabu tangu kosa la kwanza. Kwa hiyo kila nusu saa ombi la oksijeni lilijaribu, likashindwa, na saa ikarudi mwanzo. Halikuweza kufikisha saa moja. Lingekaa pale mpaka leo, likizaliwa upya kila nusu saa, njano, njano, njano. Nikabonyeza, nikausoma ujumbe. Muuzaji wa Lubumbashi alikuwa amebadilisha anwani ya mashine yake. Basi. Nilisahihisha anwani, nikatuma, jibu likarudi kabla sijaondoa mkono. Lori la mitungi lilifika. Nilikuwa langoni lilipopita, na mlinzi, ambaye hakujua lolote, alilipigia saluti ya utani kwa sababu lilikuwa limepakwa rangi mpya.

Nilikwenda kwa Chef Mwamba nikamwambia yote. Alikuwa mweupe midomoni. "Pole sana, Papa Ferdi," akasema. "Usijisumbue roho. Ilikuwa coïncidence, imetokea tu." Kisha, nikiwa nimefika mlangoni: "Urudishe rouge."

Nimefikiri sana kuhusu neno la kukataa, kwa sababu najua mtaombwa mambo ya namna hii na watu wasio wabaya, tena kwa utani, ofisi nzima ikicheka. Mimi sikuhitaji ushujaa. Tulikuwa na ukuta wa kioo. Ningeweza kusema, "Chef, tuweke rideau." Mita chache za kitambaa cha pazia kutoka duka la Papa Amisi, wageni wangepita nje wasione kitu, na sisi ndani tungebaki na nyekundu yetu. Wazo hilo lilinijia matangani, wakati wanatundika kitambaa uwanjani kutukinga na jua.

Kwa hiyo sikieni. Saa ihesabu tangu kosa la kwanza. Muuguzi akipiga simu, fungueni ujumbe wenyewe, msimjibu kwa rangi. Majina ya maombi ni namba tupu. Jizoezeni kuuliza namba hii inabeba nini, boli, mshahara au pumzi ya mtu. Na neno "kidogo" liacheni matangani, ambako lina kazi yake njema. Msilipeleke mbele ya skrini.

Mwana wetu Ferdi ni dereva wa malori ya mizigo. Alikuwa safarini mama yake alipokufa, na yeye pia aliitwa kwa neno lile. Wageni wa msiba walipokwisha kutawanyika, nilimkalisha mezani nikamweleza kazi yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, tangu njano hadi anwani. Alisikiliza bila kunikata.

"Papa, Mama Chantal alikupigia simu?"

"Alinipigia."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na haukufungua."

"Sikufungua."

Aliinuka, akachukua funguo zake mezani.

Hiyo ndiyo hesabu ya rangi moja. Mke wangu alikufa kwa kukosa hewa, katika hospitali iliyokuwa ikisubiri ombi lililokwama mbele ya macho yangu, kwa rangi niliyoichagua mimi. Na mwanangu, anayepita na lori lake katika mji huu karibu kila juma, hajaingia tena nyumbani kwangu.